Mabango ya Onesphory

3 Novemba, Jumapili

Mvua imeanza kabla ya misa na haijakata. Nimerudi na matope hadi magotini, nimevua viatu mlangoni, nimefungua simu, na kitu cha kwanza kilichonisalimu ni takataka za kaka yangu.

Onesphory yuko Bukoba mjini, anachapa fulana na kadi za harusi. Tangu Agosti amegundua mahali mtandaoni ambapo unaandika neno la kawaida, unabonyeza, linatoka likiwa bango. Kila herufi imejengwa kwa vinyota vidogo vidogo, pembeni maua, juu ndege, chini maua tena. Labda kwenye simu yake pana herufi zinasimama. Kwenye simu yangu nyembamba kila mstari unakatika na kurukia wa chini yake, na bango zima linakuwa kama maharage yaliyomwagika sakafuni. Leo nimesukuma kwa kidole hadi kidole kikachoka, kumbe alichotaka kusema ni JUMAPILI NJEMA. Joanitha, mdogo wetu aliyeko Dar, amemjibu kwa makofi.

Mama aliniuliza, "Onesphory amesema nini?"

"Amesema Jumapili njema."

"Hajasema anakuja lini?"

"Hajasema, mama."

4 Novemba

Mvua. Darasa la nne hawajui kugawanya na mimi sina nguvu ya kukasirika.

5 Novemba

Nimeomba ruhusa shuleni nikampeleka mama Muleba kwa daktari wa macho. Mtoto wa jicho la kushoto amekomaa, na presha ya jicho imeanza kupanda. Daktari amesema timu ya upasuaji itakuwa Bukoba wiki ya kwanza ya Desemba. Ikipita hiyo, hajui watarudi lini, na jicho halitasubiri. La kulia nalo liko njiani.

Mama alimsikiliza vizuri kabisa, akasema kwa heshima yetu ya Kihaya, "Nimesikia, waitu. Onesphory akija atasema."

Daktari akanitazama mimi. Nikaona aibu kumweleza. Baba alipofariki, siku ya kumaliza matanga, ukoo ulimkalisha Onesphory kwenye kiti cha baba, akawa omusika, mrithi. Tangu siku hiyo mama hauzi kahawa, hakati mti, hampi mtu hata kichane cha ndizi cha maana bila neno lake. Mimi ndiye ninayelala naye nyumba moja hapa Kamachumu, ninayemfulia na kumsomea barua za parokia, lakini neno si langu.

"Nipasuliwe mwili na mwenye nyumba hajui?" alisema kwenye basi. Halafu akaniuliza kama tumeshafika kwenye soko la ndizi. Tulikuwa tunapita katikati yake, mikungu imepangwa barabarani pande zote mbili.

Jioni nikaandika kwenye kundi la familia: "Mama anatakiwa kupasuliwa jicho Bukoba wiki ya kwanza ya Desemba. Anasubiri neno la Onesphory. Kaka, njoo."

Jibu lilikuja kabla sijamaliza kumenya ndizi. Bango. Mawaridi yamezunguka, katikati vinyota vinasema POLE MAMA. Niliona kinyaa, na sisemi hivyo kwa kuongeza chumvi. Nilikwenda nje nikasimama kwenye mvua.

8 Novemba

Mzee Kyaruzi wa bondeni amefariki, Mungu amrehemu. Habari imetufikia kupitia kundi la kuzikana la kitongoji. Hapo pia kaka yangu ameshaweka mkono wake. Ametengeneza fremu ya msiba: mstari wa misalaba juu, misalaba pembeni, misalaba chini, na jina la marehemu katikati. Zamani alitumwa mtu, akasimama uani kwako, akaita. Siku hizi simu inalia, ukiona misalaba unaweka jembe chini, unakata mkungu, unakwenda. Hakuna anayebaki kusoma yaliyoandikwa chini. Ukisoma utachelewa, na kuchelewa msibani kwetu hakusahauliki.

9 Novemba

Tumemzika Kyaruzi. Nilimwambia Ta Buberwa, mwenyekiti wetu wa kuzikana, kwamba yale madoido yananiumiza macho. Akanijibu kwa upole, "Mwalimu, msiba nao unatakiwa upendeze." Upendeze! Kwa sababu ya umri wake nikamwaga, nikaondoka.

12 Novemba

Senene wameanguka. Alfajiri majani yote ya uwanja wa shule yalikuwa yanatembea, na watoto hawakuingia darasani hadi kengele ya tatu. Nimerudi na ndoo nzima. Mama akakaa kibarazani kuwanyonyoa, maana kazi hiyo anaijua kwa vidole tangu utotoni. Tulizungumza vizuri, akacheka, akasimulia jinsi baba alivyokuwa anawachagua wa kahawia peke yao na kuwaacha wa kijani kwa wageni.

Nilipochukua sufuria kwenda kukaanga nikakuta imejaa mabawa na miguu. Senene wenyewe walikuwa kwenye karai la takataka, wamenyonyolewa safi.

Mama alisikia nimenyamaza. "Nimebadilisha vyombo?" akauliza. Nikasema ndiyo. Alicheka kidogo, kisha akaacha, akabaki anajifuta vidole kwenye kanga muda mrefu.

Nikampigia Onesphory hapohapo, mabawa yamening'ang'ania kwenye nywele. Hakupokea. Baada ya muda likaja bango la vinyota na mishumaa: NIKO KIKAONI.

Mtu aliyeko kikaoni anapata wapi nafasi ya kuwasha mishumaa?

15 Novemba

Mvua. Bango: IJUMAA NJEMA. Joanitha: makofi.

16 Novemba

Nimekwenda mwenyewe Bukoba. Nilimkuta dukani kwake, amekonda kuliko nilivyotarajia, harufu ya wino kila mahali. Alifurahi kweli kuniona. Aliniagizia soda, akanivuta mbele ya kompyuta, akaandika VESTINA, akabonyeza. Jina langu likatoka limejengwa kwa matofali, na minara miwili.

"Tazama, dada. Si zuri?"

"Onesphory, nimekuja kuchukua neno moja tu. Mama apasuliwe au asipasuliwe?"

Akageukia kompyuta. Akaanza kubadilisha matofali yawe majani ya mgomba.

"Nitakuja nyumbani tuongee," akasema.

"Lini?"

"Nitakuja, Vestina. Nitakuja."

Nilimtazama kisogo. Mtu mzima mwenye watoto, omusika wa nyumba ya baba yetu Rwegasira, anapanda migomba kwenye jina langu kwa kidole kimoja. Niliiacha soda mezani bila kuigusa. Njia nzima nilikuwa nawaza kwamba huyu si mjinga wala si mlevi, ni mtu asiye na moyo, na aliyevaa maua ili tusione.

17 Novemba

Joanitha amepiga simu kunigombeza. Eti Onesphory amelalamika kwamba nilikuwa mkali. "Kila mtu ana namna yake ya kupenda, dada. Wewe uko karibu, ndiyo maana unachoka." Nikamwambia aje awe karibu yeye, nami niende Dar nikampende mama kwa makofi. Akakata simu.

20 Novemba

Mama leo kamwaga chai kando ya kikombe. Nilifuta meza.

22 Novemba, Ijumaa

Leo ni Mtakatifu Sesilia, somo wa mama, ambaye mama ana jina lake. Nitaandika yote, hata mkono ukiuma.

Niliamka mapema, nikamchemshia maji ya kuoga, nikampaka mafuta, nikamvalisha gauni lake la jumuiya. Alitaka kwenda misa ya asubuhi lakini mvua ilikuwa kubwa, basi akarudi kitandani kusubiri ikate. Mimi nikaenda shuleni. Simu niliifungia kwenye droo, kama kawaida.

Somo la pili lilikuwa halijaisha nilipowaona watu barabarani. Wanawake wamefunga kanga kiunoni, wamebeba mikungu kichwani, mvua inawanyeshea, na wote wanaelekea upande wa kwetu. Mmoja aliponiona dirishani akaweka mkungu chini, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Mwalimu! Bado uko hapa? Mwalimu wangu, pole, pole sana!"

Sikumuuliza pole ya nini. Miguu ilishaelewa. Nilikimbia na chaki mkononi, nikaanguka kwenye kona ya mserereko, nikaamka, nikakimbia tena. Nilikuwa nimemwacha peke yake. Nilikuwa nimempaka mafuta vizuri, lakini nilimwacha peke yake. Hilo ndilo nililokuwa nalo kichwani, hakuna jingine.

Uani kwetu kulijaa. Wanawake wameshakaa kwenye mvua wanalia, kuni zimeshushwa, mikungu imeegemezwa ukutani, jirani ameshaleta sufuria kubwa. Ndani hakuna aliyekuwa ameingia, maana walinisubiri mimi niwafungulie. Na kutoka nyuma, kibanjani kwenye migomba yetu, nilisikia majembe. Walikuwa wameshaanza kuchimba pembeni ya kaburi la baba.

Mlango ukafunguka kutoka ndani.

Mama alitoka na fimbo yake, gauni la jumuiya limenyooka. Kilio kikakatika ghafla. Mama Edvina wa duka la dawa alikaa chini kwenye matope. Mama hakuona nyuso zao, aliona weupe na weusi tu, akatega sikio.

"Vestina," aliita, "mbona majembe kibanjani? Wanamchimbia nani?"

Watu walinigeukia mimi. Mimi nilikuwa nimeshikilia nguzo ya kibaraza. Basi akaifuata sauti ya majembe, akizunguka nyumba kwa kupapasa ukuta, na umati wote ukamfuata nyuma bila hata kukohoa. Vijana walipomwona, mmoja alitupa jembe akakimbia moja kwa moja kwenye mibuni. Ta Buberwa ndiye aliyebaki pale juu ya shimo, kofia mkononi.

"Ma Sesilia," akasema, "waitu, tusamehe. Tulipata taarifa kwamba umefariki."

"Kwa nani?"

Ta Buberwa akatoa simu, akaitazama, akanipa mimi. Hiki ndicho kilichokuwemo, nakinakili kilivyo:

✝ ✝ ✝ ✝ ✝ ✝ ✝
✝
 \* \*     \*
\*    \* \*
   \*       \* \* \*
SESILIA
✝
✝ ✝ ✝ ✝ ✝ ✝ ✝

Nilijua hapohapo ni mkono wa nani. Kaka yangu alitaka kuandika HERI YA SOMO. Fremu ya kanisani hakuwa nayo, akachukua ile ya misiba, kwake msalaba ni msalaba. Akajenga maneno kwa vinyota vyake, akaweka jina kwa herufi za kawaida ili lionekane, akatuma kila mahali, mpaka kundi la kuzikana. Kwenye simu za watu wa huku vinyota vilibomoka, yakabaki misalaba na jina la mama. Nani angesoma? Walitua majembe wakaja. Walifanya kama walivyofundishwa.

Nilimweleza mama. Nilijaribu kumweleza polepole, lakini nilikuwa nalia na kutukana kwa pamoja, nikataja kichwa cha kaka yangu na vilivyomo ndani yake mbele ya watu wa jumuiya. Mama aliniacha nimalize. Aliuliza shimo limefika wapi. Ta Buberwa akasema magotini. Akauliza nani amekuja, nao wakajitaja mmoja mmoja, wengine bado wana kwikwi. Alisikiliza kila jina.

Halafu akasema, na sauti yake haikuwa ya mgonjwa, "Mmenililia vizuri. Asanteni. Sasa nisikilizeni. Mimi nilikuwa nangoja ruhusa ya mrithi ili nikapasuliwe jicho. Mrithi amenitangaza leo. Mtu aliyekwisha kuliliwa haombi tena ruhusa. Vestina, mwambie daktari nakwenda."

Ta Buberwa akaanza kucheka, taratibu, akiwa ameshika kofia, na umati mzima ukapasuka kwa kicheko, wanawake wakashikana mabega. Mimi sikucheka. Nilikaa kwenye udongo wa lile shimo.

Chakula kilichokuja hakikuweza kurudi, basi kikapikwa. Shimo nalo Ta Buberwa alikataa lifukiwe tupu. Wakapanda mgomba.

Onesphory alifika mchana kwa gari la kukodi. Simu za pole zilikuwa zimemwangukia kutoka Bukoba hadi Bumbire, na mwanzoni hata yeye aliamini, akadhani bango lake limegongana na msiba wa kweli. Alishuka analia kwa sauti, akakuta watu wanakula. Nilimfuata hadi pale alipokuwa amesimama, nikamkamata shati kifuani. Nilikuwa nimepanga maneno, machafu yote.

"Nilisema ndiyo kwa baba," akaniambia.

"Nini?"

"Kule Mwanza. Ngiri. Daktari aliniuliza mimi, wewe ulikuwa huku na mama. Akasema ni kitu kidogo. Nikasema ndiyo. Akaingia anatembea, Vestina, hakutoka hai. Sasa mnaniuliza tena neno lilelile."

Niliachia shati. Sikumkumbatia. Nilikuwa bado na kinyaa naye, kinyaa cha kweli, lakini kilikuwa kimehama mahali. Jana nilichukia moyo nilioamini haupo. Leo nachukia kwamba aliuacha woga wake utuozee sisi sote chini ya maua, akampumbaza mama na jicho lake, kuliko kusema kwa mdomo, "Naogopa." Ningemwelewa. Labda nisingemwelewa. Lakini angesema.

Mama alikuwa amekaa kibarazani akila. Alimsikia, akanyoosha mkono, akamshika uso, akausoma kwa vidole.

"Umekonda," akasema. Hakumwambia lingine siku nzima.

23 Novemba

Hakuna bango. Nimechoka hata kuandika.

29 Novemba

Bado hakuna bango. Joanitha ameuliza kwenye kundi kama simu ya kaka imeharibika. Hakuna aliyemjibu.

3 Desemba, Bukoba

Mama ameingia chumba cha upasuaji akitembea. Onesphory alikuwa nasi kwenye benchi la nje. Mlango ulipofungwa aliinuka, akaenda kutapika nyuma ya jengo. Nilimpelekea maji. Nilimshikia chupa, akanywa.

Mama ametoka akitembea vilevile, pamba jichoni, akiuliza kama kuna chai.

4 Desemba, Bukoba

Wamemfungua asubuhi. Muuguzi alitoa plasta, akasafisha, akamwambia afumbue polepole. Mama alifumbua. Akaitazama dari, akatazama shuka, akatazama kucha zake, akasema ni chafu na nilikuwa wapi siku zote. Kisha akanitazama mimi, muda mrefu kidogo, akasema nimepata mvi. Ndipo akamwona Onesphory, aliyekuwa amesimama mlangoni, si ndani wala si nje.

"Sogea," akamwambia.

Akasogea. Simu ilikuwa mkononi, anaizungusha zungusha.

"Weka hiyo mfukoni."

Akaiweka.

"Hili nilijiamulia mwenyewe kwa hasira," mama akasema. "Lakini la kulia bado, na daktari ameniuliza kama nataka lifuate. Sitaki nijiamulie tena. Wewe ndiye uliyekalishwa kwenye kiti. Unasemaje?"

Kaka yangu alinigeukia mimi. Nilitaka kumsaidia na nilitaka kumpiga, vyote kwa pamoja. Mkono wake ulishuka kuelekea mfukoni, ukarudi.

"Ego, mama," alisema, yaani ndiyo.

"Sijasikia."

"Ego, mama! Apasuliwe. Upasuliwe." Alisema kwa sauti kubwa mno hadi mgonjwa wa kitanda cha pili, aliyefungwa macho yote mawili, akaitikia "Ego, waitu," akidhani anaitwa yeye. Onesphory machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

Mama akamtazama tu. Nadhani alikuwa anamwangalia jinsi alivyo.

"Haya," akasema. "Nenda kamwambie daktari hivyo hivyo. Usimwandikie."

Akaenda.